Ukoo umeninyima uwezo wa kumgawia dada yangu kibanja. Je, haki ni mila tu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume mwenye familia, kwetu ni wilaya ya Muleba mkoani Kagera, ila kwa sasa nafanya kazi Mwanza. Naandika kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi na kila ninayemuuliza ananivuta upande wake.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Mama alitangulia zamani. Tumebaki watatu: dada yetu, ambaye ndiye mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyeko chuoni. Dada aliolewa Karagwe, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani na wanawe wawili. Baba akampokea bila maneno. Tangu hapo dada ndiye aliyelishika shamba. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba yetu mimi nilikuwa natuma hela ya vibarua nikiipata, lakini aliyeng'oa mashina yaliyougua, akayafukia, akapanda upya na kusomba samadi ni yeye. Migomba na mibuni inayoonekana pale leo ni jasho lake. Mzee alipolala kitandani, aliyemwogesha na kumlisha mpaka mwisho ni huyohuyo.

Baada ya matanga ukoo ulikaa chini ya baba mdogo. Wakasema mimi ndiye musika, yaani mrithi mkuu, kwa hiyo nyumba na kibanja, shamba letu la migomba na mibuni, ni vyangu. Mdogo wangu akapewa kipande cha chini na sehemu ya rweya, yaani ardhi ya mbuga iliyo nje ya vibanja. Dada akaambiwa anaweza kuendelea kukaa "kwa hisani ya kaka yake", asiuze kitu, na siku akifa wanawe waende kwa baba yao, maana wao ni wa ukoo mwingine. Niliomba tugawane watatu. Wazee wakakataa, wakasema musika hana mamlaka ya kugawa ardhi ya ukoo kwa mtoto wa kike.

Nilipomfuata baba mdogo faraghani nikamwambia naona dada amedhulumiwa, alinijibu: "Mwacha mila ni mtumwa. Shule zimekufanya Mzungu." Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni jibu la rafiki yangu wa kazini, mtu msomi na mpole, ambaye nilidhani ataniunga mkono. Yeye ameniambia hakuna kitu kinachoitwa haki yenyewe au dhuluma yenyewe. Kila jamii inajiwekea mema na mabaya yake, na hakuna mizani nje ya jamii ya kupimia. Wahaya wakisema ardhi ni ya wanaume, basi kwao hiyo ndiyo haki, na mimi nikisema ni dhuluma natoa tu hisia zangu, au naazima macho ya watu wengine.

Nimeshindwa kumjibu. Kama anachosema ni kweli, basi uchungu ninaousikia nikimwangalia dada ni udhaifu wa moyo wangu tu, na mimi ni nani nivuruge ukoo kwa ajili ya hisia? Shangazi, naomba unijibu mawili. Je, haki ipo kweli, au ni mazoea ya mahali? Na nifanye nini bila kuupasua ukoo?

Musika asiye na raha, Mwanza

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kumpoteza mzee.

Nianze na jibu ndipo nieleze. Naamini dada yako amedhulumiwa, na ingekuwa dhuluma hata kama ukoo mzima na mkoa mzima wangesimama kusema si dhuluma. Wewe unayeiona hujageuka Mzungu.

Lakini rafiki yako tumtendee haki, maana hajasema upuuzi. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandaa Tamko la Haki za Binadamu ambalo lilipitishwa mwaka uliofuata, bodi ya chama cha wanaanthropolojia wa Marekani ilipeleka waraka wa kuonya kwamba tamko hilo lisije likawa maadili ya nchi za Magharibi yaliyovishwa joho la dunia nzima. Walikuwa na sababu. Walikwishaona watawala na baadhi ya wamisionari wakikanyaga ngoma, ndoa na ibada za watu kwa jina la ustaarabu, bila hata kuuliza zina maana gani kwa wenyewe. Fikra ya kwamba kila jamii ina mema yake ilizaliwa kama ngao ya wanyonge dhidi ya dharau hiyo. Tunaitambua dharau hiyo sisi tulioambiwa majina yetu ni ya kishenzi. (Chama hichohicho, mwaka 1999, kilipitisha tamko lake la kuunga mkono haki za binadamu. Hata walioanzisha onyo lile hawakuishia pale.)

Na yapo mambo mengi ambayo kweli ni ya mahali tu. Wewe ukikaanga senene, wale panzi wetu wa kuliwa, jirani yako wa Mwanza huenda akafumba macho, na hakuna kati yenu mwenye kosa. Jinsi ya kuomboleza, jinsi ya kuposa, nani amsalimie nani kwanza: humo kila jamii ina njia yake na inastahili kuachwa nayo. Ninachokataa ni kulitia suala la dada yako kwenye kapu hilohilo la senene.

Hoja ya rafiki yako ina ngazi tatu, naye anaruka ya katikati. Anasema watu wanatofautiana juu ya haki, jambo ambalo ni kweli. Kisha anasema kwa hiyo hakuna anayekosea. Hiyo "kwa hiyo" imetoka wapi? Mnyauko ulipoingia vijijini, huenda hata kwenu wapo waliosema ni jua kali, wapo waliosema ni mkono wa mtu, na wapo waliosikia kwa mabwana shamba kwamba ni bakteria wanaobebwa na wadudu na panga lililokata shina lenye ugonjwa. Watu walitofautiana, na bado panga chafu liliambukiza mgomba wa kila mmoja wao, awe ameamini au hakuamini. Kutofautiana kwa watu hakuthibitishi kwamba hakuna jambo la kujua.

Najua atakachosema: bakteria wanaonekana kwa hadubini, dhuluma haionekani. Hapo amenibana kidogo, nami sitajifanya kwamba wanafalsafa wamelimaliza suala hili. Wanalibishania tangu enzi za Wagiriki wa kale mpaka leo. Haki haichimbwi ardhini kama dhahabu ya Geita. Tunaifikia kwa kutoa sababu na kuzipima. Lakini sababu nazo zina nzuri na mbovu, na sababu mbovu haigeuki nzuri kwa kupigiwa kura na kikao. Ninaposema haki ipo, sina maana nyingine zaidi ya hiyo: haitengenezwi na matakwa ya mtu, wala ya watu wengi wakiwa pamoja.

Sasa mwombe rafiki yako aifuate fikra yake mpaka mwisho wa njia. Kama mila ya jamii ndiyo hakimu wa mwisho, basi Mjerumani aliyewachapa babu zetu viboko ishirini na tano kwa kuchelewa kazini hakutenda ubaya, maana kwake mwafrika kuchapwa ilikuwa desturi ya utawala. Rafiki yako atasema hapana, wale waliingilia watu wasio wao, nao walipaswa kuheshimu jamii nyingine. Walipaswa kwa sheria ya nani? Si ya kwao. Akishasema "kila jamii iheshimiwe" tayari ameshika haki inayovuka mipaka ya jamii, ile aliyosema haipo.

Njoo sasa Kagera kwenyewe. Baba mdogo wako lazima amewahi kusikia habari za nyarubanja kwa wazee wake. Omukama, yaani mfalme wa Wahaya, aliwapa wakubwa wake maeneo yenye watu ndani yake, na wakulima waliokuwa wamelima na kuzika pale vizazi na vizazi wakajikuta wapangaji, wanatoa kodi na mazao kwa ardhi ya jasho lao. Ilikuwa mila, na waliokuwa wakifaidi nayo waliitetea kama mila. Wakulima waliilalamikia tangu enzi za mkoloni, na mwaka 1965, baada ya uhuru, ikatungwa sheria ya kuwakomboa. Je, siku ile Kagera ilipata haki zaidi, au ilibadilisha tu ladha? Kama mila ndiyo haki, basi yule mkulima aliyenung'unika mwaka 1950 alikuwa amekosea, kwa sababu mila ilikuwa dhidi yake. Mimi siamini kwamba alikosea. Sidhani kama baba mdogo naye anaamini hivyo. Na aliyelalamika alikuwa Mhaya, kwa Kihaya, juu ya ardhi ya Wahaya.

Hili ndilo linaloniuma zaidi katika fikra ya rafiki yako, pamoja na upole wake wote. Inazungumza kana kwamba jamii ina mdomo mmoja. "Wahaya wanasema." Wahaya gani? Dada yako si Mhaya? Kikao kile kilikuwa na sauti za wanaume wachache, na uamuzi wao ukapewa jina la kabila zima. Nadharia iliyozaliwa ili kumkinga mnyonge dhidi ya mkoloni sasa inamkinga baba mdogo dhidi ya mwanamke aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho.

Tena hiyo mila yenyewe, tuiangalie ilivyofika kwetu. Mila za Wahaya zinazonukuliwa mahakamani ziliandikwa kitabuni na Hans Cory na Hartnoll, watumishi wa serikali ya kikoloni, kikachapishwa mwaka 1945. Kisha tangazo la serikali la mwaka 1963 likazikusanya sheria za kimila za urithi za makabila mengi ya ukoo wa kiume na kuzigandisha kwenye karatasi: binti yuko daraja la mwisho la urithi, na ardhi ya ukoo anaweza kuitumia maisha yake lakini asiiuze. Mila iliyokuwa ikijadiliwa barazani, ikilainishwa hapa na kukazwa pale, ikawa vifungu. Kwa hiyo anayesema usawa umeletwa na Wazungu ajue kwamba na huo ukali wa maandishi una mkono wa Mzungu ndani yake. Wala usawa hatukuuokota Ulaya. Azimio la Arusha la 1967 lilianza kwa kutamka imani kwamba binadamu wote ni sawa, na waliolitamka hawakuwa wageni.

Hata hivyo usiende kijijini na dharau, mwanangu, kwa sababu mila hii ilikuwa na sababu zake, na sababu hizo hazikuwa za kipumbavu. Kibanja cha Kihaya si shamba la kawaida. Udongo wa rweya ni dhaifu. Kibanja kimetengenezwa kwa samadi na majani ya vizazi vingi, na makaburi yamo humo humo. Binti aliolewa ukoo mwingine, akapata pa kulima kwa mumewe. Kumpa na huku kwao ilikuwa kama kuikata ardhi ya mababu na kuihamishia kwa wageni. Wazee waliogopa kupoteza ardhi, na hofu hiyo unayo hata wewe na dada yako. Mnalolitaka ni moja: kibanja kisipotee na mtoto wa nyumba asilale njaa.

Ila mila hiyo ilikuwa na upande wa pili. Ukoo uliochukua ardhi ulichukua na mzigo. Binti akiachika alirudi kwa kaka zake, na walipaswa kumpokea, kumlisha, kumlinda. Uliza sasa: tangu dada yako arudi, nani kati ya wale waliokaa kikaoni amempelekea hata mkungu mmoja? Nani alisimama naye kwenye mnyauko? Mtu anayeshika haki iliyomo kwenye mila na kuutupa wajibu wake haitunzi mila. Na mazingira ya sababu yamekwisha: dada hana tena kwa mume pa kulima. Sababu ikiondoka, kinachobaki ni faida ya wanaofaidi.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: chukua sababu unayoitetea, mpelekee anayeumia nayo, umweleze mkiwa mmeketi usawa. Je, ni sababu ambayo angeweza kuikubali bila kuogopeshwa? "Tunakunyima ili ardhi isitoke" haimtoshi dada yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyeizuia isife. "Tunakunyima kwa kuwa ndivyo tulivyozoea" si sababu kabisa. Kipimo hiki hakina kabila. Kingemhukumu Mjerumani mwenye kiboko, kingemhukumu mwenye nyarubanja, na kinanihukumu na mimi siku nikimlipa binti wa kazi mshahara ambao siwezi kuutetea mbele yake.

Hii si mara ya kwanza Muleba kulifikisha jambo hili mbele ya sheria. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, mwaka 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu akamshtaki kwenye Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda, kwa hoja kwamba mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, hapo hapo Mwanza unapofanya kazi, akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, na mwanamke ana uwezo sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukaa au kutumia ardhi.

Lakini sheria peke yake haijalimaliza. Wajane wawili wa Shinyanga walipinga mahakamani mila za urithi zilizowatoa kwenye nyumba zao. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri kwamba mila hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, ikisema mabadiliko ya mila hayaletwi kwa hukumu ya mahakama. Wajane wale wakafika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona nchi yetu imewavunjia haki zao. Nakutajia hili ujue kwamba ukoo wenyewe usipogeuka, karatasi zinaweza kuzunguka miaka mingi huku mtu akiwa nje ya nyumba yake.

Sasa la kufanya. Kwanza kabisa muulize dada yako anataka nini. Katika barua yako yote sijasikia ombi lake. Huenda anataka nyumba, huenda anataka sehemu yenye mibuni aliyoipanda, huenda anataka uhakika wa wanawe tu. Usimgawie kwa kukisia. Kisha kaa na mkeo na mdogo wako mkubaliane, maana ukienda kikaoni peke yako utaambiwa umelogwa na dada.

Halafu mfuate baba mdogo nyumbani kwake kabla ya kikao, kwa heshima, umwamkie kama siku zote. Usianze na Katiba. Anza na mzee: yeye ndiye aliyempokea binti yake, akamkabidhi jembe na shamba machoni pa ukoo mzima. Kisha mshike kwenye hofu yake ya kweli na umpe kitu cha kuituliza. Mkubaliane kwa maandishi kwamba eneo la makaburi ni la wote watatu na haliuzwi. Mkubaliane kwamba yeyote kati yenu, mwanamume au mwanamke, akitaka kuuza siku moja, ataanza kuwapa nafasi ndugu kununua. Sharti hilo likiwabana wote sawa, si ubaguzi, nalo linailinda ardhi vizuri kuliko kumzuia dada peke yake. Nimeona vibanja vingi vilivyouzwa, na wauzaji walikuwa wanaume.

Kama mirathi haijafunguliwa, mtaihitaji Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi, nayo itaomba muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwa hiyo kikao kikae upya, na dada akae humo kama mwanafamilia, chakula apakue mwingine. Majina ya wote watatu na mgao wao yaandikwe, mashahidi watie saini. Kisha nendeni serikali ya kijiji mwombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa kila sehemu, ya dada ikiwa na jina lake. Baba mdogo akikataa katakata, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, ambao hawatozi fedha. Ukifika huko usimtukane mzee wala kuacha kumjulia hali. Anatetea kitu alichokabidhiwa, hata kama anakosea.

Na usiridhike na wazo la kumwachia dada akae kwa hisani yako kwa sababu wewe una moyo mzuri. Hisani yako itakufa nawe. Ukiondoka kesho, kwa mila hiyohiyo kibanja kinakwenda kwa mwanao, mtoto aliyekulia Mwanza ambaye shangazi yake anamwona sikukuu kwa sikukuu, na wajomba wa upande wa mkeo watakuwa na la kusema pia. Kwa hiyo omba likizo, uende Muleba kabla wazee hawajapeleka muhtasari wa kwanza mahakamani, na uniandikie dada amesema nini.

Shangazi